Chagua Mzizi Kabla Swichi Hazijakuchagulia

Ilikuwa Jumatatu ya kufungua muhula, saa nne asubuhi, nikapigiwa simu na mhasibu wa chuo kimoja ninachokihudumia. "Fundi, intaneti imekata." Nikamuuliza, printa inachapa? Haichapi. Simu za mezani? Zimekufa. Mfumo wa ada, ambao seva yake imo humohumo chuoni na hauhitaji intaneti hata kidogo? Umeganda. Nikachukua pikipiki.

Nilipofungua kabati la swichi niliona jambo ambalo ukiliona mara moja hulisahau. Siku ya kawaida taa za swichi hucheza kila moja kivyake: hii inawaka, ile imetulia, ya tatu inakonyeza. Siku ile zote zilikuwa zinawaka na kuzima kwa pamoja, upesi upesi, safu nzima kwa pigo moja. Sikuhitaji hata kufungua kompyuta. Nikaanza kuchomoa waya mmoja baada ya mwingine, na nilipochomoa wa chumba cha walimu, safu yote ikatulia.

Chumbani mle kulikuwa na simu ya mezani ya mtandao. Simu hizi huwa na matundu mawili nyuma, moja la kwenda ukutani na jingine la kuchomekea kompyuta. Kompyuta ilikuwa imepelekwa kutengenezwa, waya wake ukabaki unaning'inia, na mtu aliyekuwa akifanya usafi akauchomeka kwenye tundu la ukutani lililokuwa wazi. Alifanya kwa nia njema kabisa. Simu ikawa imeunganishwa ukutani kwa nyaya mbili, na hiyo ndiyo lupu.

Swichi za chuo kile hazikuwa za kubahatisha. Zilikuwa swichi zinazosimamiwa, zenye menyu na nywila, na ndani yake mlikuwa na kinga ya tatizo hilihili: itifaki ya STP. Ilikuwa imezimwa tangu siku zilipofungwa. Mafundi wengi tunaijua STP kwa jina, wachache tumewahi kukaa nayo nusu saa. Nakuomba uipe hiyo nusu saa, hasa kama una swichi tatu au tano na jengo zima la watu wanaokutegemea.

Kwanza elewa kwa nini lupu moja huangusha mtandao mzima. Pakiti ya IP ina kihesabu kinachopungua kila inapovuka ruta. Kikifika sifuri, pakiti inatupwa. Fremu ya Ethernet haina kihesabu hicho. Mashine ikitoa tangazo la kuuliza nani ana anwani fulani, swichi hulinakili na kulitoa kwenye kila poti isipokuwa ile lililoingilia. Palipo na njia mbili, nakala huzunguka na kurudi, zikirudi zinanakiliwa tena, na hakuna kitu cha kuzisimamisha. Juu ya hapo, swichi hujua mashine iko wapi kwa kuangalia fremu zake zimeingilia poti gani. Ndani ya lupu anwani ileile huonekana poti ya tatu, mara poti ya kumi na nane, mara ya tatu tena, hadi jedwali zima linakuwa halina maana.

Dawa ilibuniwa mwaka 1985 na Radia Perlman, alipokuwa akifanya kazi Digital Equipment Corporation huko Marekani, na mwaka 1990 ikawa kiwango rasmi cha IEEE kwa jina la 802.1D. Nyaya za ziada zinaachwa zilivyo, ila swichi zinaelewana kuziba baadhi ya poti mpaka kinachobaki ni mti: mzizi mmoja, matawi, na njia moja tu kati ya sehemu yoyote na nyingine. Tawi likikatika, poti iliyozibwa inafunguliwa na kazi inaendelea. Swichi huelewana kwa ujumbe mfupi uitwao BPDU, ambao kwa kawaida hutumwa kila baada ya sekunde 2.

Sasa, swichi zikiachwa zenyewe, zinachaguaje mzizi? Kila moja ina namba ya kipaumbele, na yenye namba ndogo kuliko zote ndiyo inayoshinda. Tatizo ni kwamba kiwandani zote hupewa namba moja, 32768. Zikilingana, huangaliwa anwani ya MAC, na yenye anwani ndogo ndiyo inakuwa mzizi. Watengenezaji hugawa anwani hizo kwa kupanda, kwa hiyo mara nyingi yenye anwani ndogo ni ile iliyotengenezwa zamani. Maana yake ni kwamba usipochagua, swichi kuukuu kuliko zote kwenye jengo lako ina nafasi nzuri ya kuwa kichwa cha mtandao.

Nikuonyeshe kwa mfano wa chuo kilekile. Swichi A iko chumba cha seva, pamoja na ruta na seva ya mfumo wa ada. Swichi B iko utawala, imeunganishwa na A kwa faiba ya gigabiti 1. Swichi C iko maktaba, ni ya zamani, poti zake zinaishia megabiti 100, na kwa ajili ya usalama ilivutiwa waya mmoja kwenda A na mwingine kwenda B, huo wa pili ukiwa haujachomekwa kwa kuwa STP ilikuwa imezimwa. Ukichomekwa, ni pembetatu. STP ikiwashwa bila kugusa kitu kingine, C inakuwa mzizi. A na B kila moja inatafuta njia ya karibu ya kwenda kwa C. Gharama ya waya wa megabiti 100, kwa hesabu ya zamani ambayo swichi nyingi bado zinaitumia, ni 19. Ya gigabiti 1 ni 4. A kwenda C moja kwa moja ni 19, kupitia B ni 23, basi inakwenda moja kwa moja. B naye vivyo hivyo. Kiungo kinachobaki bila kazi ni kile cha A na B, yaani faiba yako. Kinazibwa. Mhasibu aliyeko utawala akifungua mfumo wa ada, kila herufi anayoandika inapitia maktaba, kwenye swichi kuukuu ya megabiti 100, kabla ya kufika kwenye seva iliyoko jengo la pili tu kutoka alipo.

Hakuna kinachoonekana kimeharibika. Taa zinawaka, pingi zinajibu, watu wanalalamika tu kwamba "mtandao mzito", na fundi anawashauri waongeze kasi ya intaneti. Nimeona fedha zikipotea hivyo.

Kinachotakiwa ni namba mbili. Kwenye A weka kipaumbele 4096. Kwenye B weka 8192, ili A ikizimika B ishike nafasi. C iachie 32768 yake. Mti unajipanga upya: A ni mzizi, B inafika kwa A kupitia faiba kwa gharama ya 4, C inafika kwa A kwa 19. Kinachozibwa sasa ni kiungo cha B na C, tena upande wa C, kwa sababu B iko karibu zaidi na mzizi. Hicho ndicho ungekichagua wewe mwenyewe kama ungeulizwa.

Namba hizi lazima ziwe vigawe vya 4096, kuanzia 0 hadi 61440. Ukiandika 5000 swichi itakukatalia, kwa sababu nafasi iliyobaki ya namba hiyo imetengewa namba ya VLAN. Ndiyo maana kwenye Cisco utakuta kipaumbele kimeandikwa 32769 na ukajiuliza nani ameongeza moja: ni 32768 na VLAN 1. Kwenye MikroTik namba hiyohiyo huandikwa 0x8000, na 4096 huandikwa 0x1000. Tena usisahau kwamba ruta ya MikroTik yenye poti zilizowekwa kwenye briji moja nayo ni mshiriki wa mti, na inaweza kujikuta mzizi bila wewe kujua. Mimi huwa siweki 0 kwenye mzizi. Naiacha wazi, siku moja nikileta swichi kubwa niweze kuipandisha juu bila kuanza kupanga upya zote.

Jambo la pili ni aina ya itifaki. Kwenye menyu utakuta STP, RSTP na MSTP. STP ya asili ni polepole: poti ikiwashwa hukaa sekunde 15 ikisikiliza, 15 nyingine ikijifunza, ndipo inapitisha data. Kiungo kikikatika mbali na swichi husika huongezeka sekunde 20 za kungoja, jumla 50. RSTP, iliyotoka mwaka 2001, hufanya kazi hiyo kwa kuulizana na kujibiana, na mara nyingi mabadiliko hupita watumiaji wasijue. Chagua RSTP kwenye swichi zote. Hata moja ikibaki ya zamani haitavunja kitu, ila inapogusana nazo poti hizo hurudi mwendo wa zamani. MSTP ina faida pale penye VLAN nyingi na viungo vingi vya kugawana, lakini inataka jina la eneo, namba ya toleo na mgawo wa VLAN vifanane kwenye kila swichi bila kosa hata moja. Kwa chuo, hospitali ya wilaya au ofisi ya ghorofa tatu sioni sababu yake. Palipochanganywa Cisco na kampuni nyingine, kumbuka Cisco hutengeneza mti kwa kila VLAN, wakati nyingine nyingi zina mti mmoja tu. Lugha yao ya pamoja ni VLAN 1, kwa hiyo usiiondoe kwenye viungo vya swichi kwa swichi kabla hujajua unachofanya.

Na hakikisha imewashwa kweli. Zipo swichi za bei nafuu ambazo hutoka kiwandani zikiwa na menyu nzuri ya STP, lakini kitufe chake kimezimwa.

Sasa twende kwenye poti za ukingoni, zile zinazokwenda kwa watumiaji: kompyuta, printa, simu, kamera. Hapa ndipo lupu huzaliwa, na hapa ndipo ninapotaka utumie muda wako mwingi.

Poti ya mtumiaji haina sababu ya kungoja sekunde 30. Kuna malalamiko ambayo utayasikia kila mahali: asubuhi nikiwasha kompyuta hakuna mtandao, nikichomoa waya na kurudisha unakuja. Nenda ukaangalie anwani ya mashine hiyo kabla mtumiaji hajachomoa waya. Ukikuta inaanza na 169.254, umeshapata jibu. Kompyuta za siku hizi huwaka haraka. Imeomba anwani wakati poti bado inasikiliza, hakuna aliyejibu, ikajipa anwani yake yenyewe. Mpangilio wa kuponya hili huitwa PortFast kwenye Cisco, na kwenye menyu za wengine hutajwa kama poti ya ukingoni. Uwashe kwenye kila poti ya mtumiaji. Una faida ya pili ambayo wengi hawaijui: bila huo, kila kompyuta inayowashwa huhesabiwa kuwa badiliko la mti, swichi zinafuta kumbukumbu za anwani kabla ya wakati, na fremu zinamwagwa kila upande hadi zijifunze upya. Kwenye maabara ya kompyuta arobaini, asubuhi nzima mtandao unahangaika bure.

Lakini poti inayofunguka mara moja ni poti inayoweza kuanzisha lupu mara moja. Kwa hiyo mpangilio huo usiuache peke yake hata siku moja. Uuoanishe na BPDU Guard. Huu husema hivi: poti hii ni ya mtumiaji, mtumiaji hatumi BPDU, nikiisikia hapa naifunga poti papo hapo. Simu ile ya chumba cha walimu ingerudisha BPDU za swichi kwenye swichi yenyewe, poti ingezimwa papo hapo, na walimu wa chumba kimoja ndio wangekosa mtandao, si chuo kizima. Vivyo hivyo kwa yule anayenunua swichi ndogo ya poti tano dukani, akaiweka chini ya meza na kuchomeka waya pande zote mbili.

Poti ikifungwa hivyo haifunguki yenyewe mpaka uifungue, au uwe umeweka muda wa kujifungua, ambao kwenye Cisco kwa kawaida ni sekunde 300. Kama huishi karibu na eneo, weka muda huo. Kosa likiwa bado lipo, poti itafunga tena, hakuna hasara. Kama uko hapohapo, mimi naona afadhali uifungue kwa mkono, kwa sababu utalazimika kwenda kuona nini kimechomekwa.

Kuna mpangilio mwingine wenye jina linalofanana, BPDU Filter. Huu huizuia poti kutuma na kupokea BPDU, maana yake kwenye poti hiyo STP imezimwa. Nimewakuta vijana wawili wameuwasha wakidhani ni ulinzi wa ziada. Usiuguse.

Si kila swichi ndogo hupitisha BPDU. Baadhi huzitupa, na hapo mlinzi wako hasikii kitu. Kwa sababu hiyo weka na kinga ya mwisho: ukomo wa matangazo kwa kila poti, pamoja na kipimo cha kugundua lupu kama swichi yako inacho. Kompyuta ya kawaida hutoa matangazo machache sana, kwa hiyo ukomo wa asilimia chache tu ya uwezo wa poti hautamuumiza mtu.

Kati ya swichi na swichi kuna mambo mawili ya kuangalia. Poti za A zinazotazama swichi za chini, ambazo kamwe hazipaswi kuongoza, ziwekee Root Guard, ili siku mtu akileta swichi yenye kipaumbele kidogo isikunyang'anye mzizi. Usiuweke kwenye kiungo cha A na B wenyewe, kwa sababu B ndiye mrithi, wala kwenye poti ya B inayokwenda C, kwa sababu faiba ikikatika B hufika kwa A kupitia C. La pili ni faiba. Huku kwetu viungo vingi vya faiba hupita kwenye vibadilishi vidogo vya kuweka ukutani, na uzi mmoja ukifa, kibadilishi kinaweza kuendelea kuiambia swichi kwamba waya uko hai. Poti iliyozibwa ikiacha kusikia BPDU hudhani njia imebaki wazi, inajifungua, na lupu inazaliwa ya upande mmoja, ambayo ni ngumu kuitafuta. Loop Guard ipo kwa ajili ya hilo. Na kama una nyaya mbili kati ya swichi zilezile mbili, usiiachie STP iue mmoja. Ziunganishe kwa LACP zihesabiwe kuwa waya mmoja. Panga pande zote mbili kwanza, ndipo uchomeke waya wa pili.

Usiunganishe swichi kwa mkufu mrefu, hii nyuma ya ile. Vipimo vya muda vya STP viliwekwa kwa mtandao usiozidi swichi 7 kutoka mwisho hadi mwisho. Mwezi Novemba 2002 hospitali ya Beth Israel Deaconess mjini Boston, yenye wataalamu na vifaa vya kutosha, iliangushwa kwa siku zipatazo nne, kwa sababu mtandao ulikuwa umekua kipande kwa kipande hadi mti wa STP ukashindwa kujishikilia. Madaktari walirudi kuandika maagizo kwenye karatasi. Kila tunapoongeza swichi moja "kwa muda tu" mwisho wa ukanda, tunaelekea hukohuko.

Kazi hii ifanye jioni, watu wakiwa wameondoka. Nakili mipangilio ya zamani kwanza. Uwe na kebo ya konsoli mkononi, maana ukijifungia nje ya swichi iliyo ghorofa ya pili, kompyuta yako pekee haitakusaidia. Ukimaliza, uliza kila swichi mzizi ni nani. Kwenye Cisco amri ni show spanning-tree. Zote zitaje anwani moja, ya A. Tafuta poti iliyoandikwa BLK na uhakikishe iko pale ulipokusudia. Kisha anzisha pingi isiyokoma kutoka utawala kwenda kwenye seva na uchomoe ile faiba. Kwa RSTP utapoteza pingi moja au mbili, au hutapoteza hata moja. Ukihesabu hadi thelathini, kuna swichi imebaki na itifaki ya zamani. Rudisha faiba. Hifadhi mipangilio kwenye kila swichi, kwa sababu usipohifadhi, umeme utakapokatika na kurudi, swichi itaamka na mipangilio ya jana na C itakuwa mzizi tena.

Wiki inayofuata rudi uangalie hesabu ya mabadiliko ya mti. Swichi hukuonyesha badiliko la mwisho lilitokea lini na lilitokea poti gani. Namba ikiwa inapanda kila dakika chache, fuata poti hiyo, swichi kwa swichi, hadi ufike kwenye kiungo kinachokatika na kurudi, au kwenye poti ya mtumiaji uliyoisahau.

Chuoni kwangu nilibakiza jambo moja ambalo sikulifanya siku ya kwanza, likanirudisha. Poti iliyozibwa ya swichi ya maktaba huwaka taa ya rangi ya chungwa. Mhudumu wa maktaba, mtu makini sana, aliona taa moja ina rangi tofauti na nyingine, akaamini waya ni mbovu, akauchomoa na kuukunja vizuri juu ya kabati. Mtandao uliendelea kufanya kazi, kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba njia ya akiba haipo tena, mpaka panya walipokula waya wa upande wa A na maktaba ikazimika. Siku hizi nafunga kikaratasi chenye plastiki kwenye waya wenyewe, kwa herufi kubwa: TAA YA CHUNGWA NI SAWA. WAYA HUU UNANGOJA. USIUCHOMOE.